Goma na Bukavu: RH aliyeandika barua za kusimamisha wengine, leo naye anatafuta kazi

Kwa miaka mingi, vijana wengi wa Goma na Bukavu waliomaliza masomo ya usimamizi walikuwa na ndoto moja: kupata kiti cha RH katika ONG. Kazi yenyewe inajulikana: kuajiri watu, kuandika kontra, kutayarisha mishahara, kuhesabu konje, kulipa michango ya CNSS. Kwenye ofisi nyingi kiti hicho kilikaliwa na mwanaume, baba wa familia, na nyuma yake ukoo mzima ulingojea mwisho wa mwezi.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka uliotangulia ndiyo iliyotoa karibu 70% ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Mwezi huohuo Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na Februari ikafuata Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa. Miradi mingi ikakufa katikati.

Hapo RH alipata kazi nyingi kwa muda mfupi: kuandika barua, kupiga hesabu za mwisho, kutoa vyeti vya kazi. Alipomaliza za wengine, akabaki na barua moja, yake mwenyewe. Mahali ambapo hakuna mtu wa kuajiri, RH ni wa nini?

Wanaume wengine wanalaumu matangazo ya kazi yanayosema wanawake watapewa nafasi ya kwanza. Lakini lawama hiyo haifiki kwenye mzizi. Mwanamke hakuchukua kiti. Kiti chenyewe kimeondoka, na wanawake wa RH wamepoteza kazi vilevile.

Mzizi ni kontra. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kontra ya muda maalum haipite miaka 2, na isirudiliwe zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi chache kama zile za msimu. Ikivunja sharti hilo, inageuka kontra isiyo na mwisho. Na mwenye kontra isiyo na mwisho, akisimamishwa, ana haki ya preavis: siku 14 za kazi, na siku 7 juu kwa kila mwaka. Miaka 5 ni siku 49. RH anajua hesabu hiyo kwa kichwa. Lakini naye alitia sahihi kontra za mradi, mwaka kwa mwaka, akanyamaza, sababu minervali ya watoto haingoji.

Sasa wengine wanafundisha, wengine wamefungua biashara ndogo, wengine wameelekea Kolwezi na Lubumbashi kutafuta kazi kwenye makampuni ya madini. Kule nako vijana wa pale wanadai kazi ziwe zao kwanza.

Ujuzi wao haujakufa, lakini. Mfanyakazi aliyesimamishwa bila malipo yake lazima aanzie kwa Inspekta wa Kazi kabla ya kufika mahakamani, na wengi hawajui namna ya kupanga faili. RH wa zamani anajua. Wakaaji wa Kivu wanamuhitaji upande huu wa meza kuliko walivyomuhitaji upande ule.