AMANI YA MOYO HAINGOJI NYUMBA ITULIE

Leo sikuletei kisa cha sungura na fisi, bali neno ambalo limenikaa kooni tangu muhula uliopita.

Muhula huo alikuja mgeni shuleni kutuasa kuhusu wasiwasi wa mitihani. Alizungumza vizuri, sikatai. Alisema mwanafunzi anayetaka amani ya moyo atafute chumba kimya, afunge mlango, aketi nusu saa bila kusumbuliwa. Tukampigia makofi. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajiuliza: chumba gani, jamani? Kwetu tuko sita na vyumba ni viwili. Mlango wa kati ni pazia. Nikitaka nusu saa peke yangu labda nipande Mlima Sagalla, na huko nako nitawakuta watu wakitafuta kuni.

Mimi naonelea mashauri kama hayo hutuumiza sisi wanafunzi wa kutwa bila kukusudia. Yanatufanya tudhani amani ni mali ya wenye nafasi, na sisi wengine tungoje mpaka tumalize shule, tuajiriwe, tujenge. Tungoje hadi lini?

Isitoshe, kimya chenyewe nilishakionja. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na wengi wetu hatukurudi darasani hadi Januari 2021. Hakukuwa na kengele wala mtihani. Hata mabasi ya Mombasa yalikatizwa kwa muda. Je, nilitulia? La hasha! Baba alikuwa amesimamishwa kazi kwenye shamba la mkonge, na usiku nilimsikia yeye na mama wakihesabu sarafu. Nililala macho wazi. Kimya kilikuwapo tele, amani hapana.

Sasa sikiza yaliyonipata mwaka huu. Jioni kazi yangu ni maji. Wageni hushangaa Voi kukosa maji, hali bomba kubwa lililojengwa miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa linapita huku kwetu. Basi ndivyo ilivyo, mifereji hukauka siku kadhaa na foleni kwenye kioski huwa ndefu. Siku hiyo asubuhi jina langu lilikuwa limesomwa mbele ya darasa, pamoja na wanaodaiwa pesa za chakula cha mchana. Nilishinda na hiyo aibu. Kwenye foleni nilisimama saa nzima nikigombana kichwani na mwalimu, na mama, na hata watu ambao hawakunikosea lolote. Tulipofika nyumbani ndugu yangu mdogo, anayenisaidia kusukuma wilbaro, akateleza na mtungi mmoja ukamwagika. Nikamzaba kofi. Mtoto wa miaka minane! Hakulia. Alinitazama tu, akaokota kifuniko, akakipangusa vumbi kwa shati lake, akanipa.

Usiku huo hata ningepewa jumba la vyumba kumi lenye mlango wa chuma, nisingepata usingizi. Kwenye saa nne hivi nikamwamsha nikamwambia, "Nisamehe." Akajibu, "Dada, si ni maji tu," akageuka akalala. Nami nikalala papo hapo, redio ya jirani ikiimba na baba akikohoa. Pesa za chakula zilikuwa bado hazijalipwa.

Tangu hapo nina rai yangu. Fujo nyingi za moyo hazitokani na kelele za nje, ni madeni: mtu uliyemkosea na hujamwomba radhi, kazi uliyoiahirisha, uongo uliomwambia mwalimu. Ukilipa moja leo unapumua. Na yale madeni ambayo huna uwezo nayo, kama hayo ya pesa, yapangie saa yake. Mimi huyazungumza na mama alfajiri anapokanda unga wa mahamri ya kuuza stendi. Tukimaliza nayaacha pale pale kwenye sinia. Zamani nikisukuma maji kichwa kilikuwa kwenye mtihani, na nikiingia mtihani kichwa kilikuwa kwenye maji. Sasa kwenye foleni niko foleni. Najua nani anaugua na nani kapata mjukuu, na gurudumu la wilbaro yetu lina wimbo wake ambao sikuwahi kuusikia. Siku nyingine nashindwa, sisemi uongo.

Kuna mwenzangu darasani aliyeniambia ati huku ni kujiliwaza na umaskini. Hoja yake ina uzito, maana wapo wanaotuambia "tulieni" ili tusiulize mbona mifereji imekauka. Sivyo ninavyosema. Maji tuulizie, na tuulizie kwa sauti. Lakini mimi siku ile nilipokuwa nachemka sikumuuliza yeyote mwenye jukumu. Nilimpiga aliyekuwa karibu, tena mdogo kuliko wote.

Yule mgeni wetu akija tena ningependa aje mwendo wa saa kumi na moja jioni, apitie kwenye kioski. Nitamwazima mtungi mmoja, tuongee tukingoja zamu.