Umepimwa TB huna, lakini kikohozi hakiishi?

Kama hasla yako ni mjengoni, unakata mawe au unasugua terazo, hii ni yako.

Umekohoa miezi miwili. Umepimwa TB, huna. Ukaambiwa ni nimonia, ukapewa antibiotiki. Dawa zimeisha, kikohozi bado kipo. Sasa?

Kuna nimonia ambayo hailetwi na bakteria. Kinachoumia ni ukuta mwembamba kati ya vifuko vya hewa na mishipa ya damu. Unavimba, kisha unakuwa kovu, na hewa inashindwa kupenya. Mavi ya njiwa unaofuga yanaweza kuileta. Baadhi ya dawa pia. Vumbi la mawe nalo huacha makovu kama hayo, na ugonjwa wake unaitwa silikosisi.

Usidhani ni ugonjwa wa wazee. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni kuanzia Julai 2024, baada ya mafundi vijana kuharibika mapafu. Mawe hayo yanaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Hata hapa Nairobi kaunta hizo zinauzwa, na kuna mtu anazikata.

Dalili? Kikohozi kikavu. Ngazi ulizokuwa ukipanda mbio sasa zinakukata pumzi. Wengine ncha za vidole huvimba. Daktari akisikiliza mgongoni anaweza kusikia mlio kama velcro ikibanduliwa.

Eksirei ya kawaida inaweza kukosa kuonyesha kitu mapema. Vipimo vinavyosaidia ni CT skani ya mapafu na kile cha kupuliza hewa kwenye mashine. Ni kweli, skani ni pesa. Lakini kuna kipimo cha bure: swali "unafanya kazi gani?" Foleni ikiwa ndefu, huenda usiulizwe. Basi sema mwenyewe: nakata mawe, miaka mitatu, bila barakoa ya maana.

Jibu hilo lina uzito hata kisheria. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inatambua magonjwa yanayotokana na kazi. Faili ikiandikwa "kikohozi" tu, utadai nini?

Kovu la mapafu halifutiki. Ukijua mapema, unaweza kutoka kwenye vumbi kabla halijaenea. Na usiache kupimwa TB tena, maana silika huipa TB mlango.