Mita 60 na Keni ya Mama

Wanachuo wenzangu, chuo kikifungwa Julai ndipo mboga zinapoanza kuwa mali kule kwetu Itumba, wilayani Ileje. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakatika Aprili au Mei. Kuanzia hapo mpaka Oktoba mahindi yako ndani, maharage yako kwenye magunia, na kijani unachokiona kwa mbali ni kile cha mabondeni. Huko ndiko kwenye bustani za kiangazi. Wenzetu wa Iringa wanaziita vinyungu. Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Wamalawi, ni dimba. Kazi ni ileile: kulima palipo na unyevu wakati kwingine kote kumekauka.

Msimamo wangu nautaja mapema ili tusizungushane. Bustani hizi zisifutwe kwa kamba ya mita 60. Zisimamiwe. Na sisi tulio vyuoni tuna kazi ya kufanya humo, siyo kula mboga tu.

Bustani ninayoijua mimi ni ya kikundi cha majirani, wengi wao akina mama. Bonde limegawanywa vipande na kila mwanachama ana matuta sita, kila tuta mita kumi kwa moja. Kuna chainizi, figili, sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Kitalu ni kimoja, samadi inanunuliwa kwa pamoja, maji ni kwa zamu. Mama yangu ana kipande pale. Godoro nililokuja nalo hosteli lilitoka kwenye matuta hayo, na bumu likichelewa, hela inayoingia kwenye simu yangu ni ya mafungu ya chainizi. Najua siko peke yangu. Wangapi humu tunalipiwa fotokopi na mboga za mtu?

Msimu uliopita walikuja watu wenye mamlaka yao, wakapima kutoka ukingo wa mto na kusema kila tuta lililo ndani ya mita 60 liondoke. Nyanya zilikuwa zimeshaanza kutoa maua. Jirani yetu mmoja, mtu mzima, akauliza, "Sasa wanangu, sisi tuhamie wapi?" Akaambiwa apande juu.

Tuliangalie hilo jibu. Ileje ni nchi ya milima na mabonde membamba. Kama mto unapita katikati ya bonde lenye upana wa mita 120, basi mita 60 za huku na mita 60 za kule zimelimaliza bonde lote. Kinachobaki ni mteremko. Ukimsukuma mkulima kwenye mteremko, udongo atakaoutifua Agosti utasombwa na mvua za Desemba na kuishia mtoni, mto uleule tuliosema tunaulinda. Halafu kuna suala la maji yenyewe. Tuta la mita kumi za mraba wakati wa jua kali linataka kama ndoo mbili za lita 20 kwa siku. Matuta sita ni ndoo 12. Umbali wa mita 60 kwenda na 60 kurudi, ndoo moja moja kichwani, ni karibu kilomita moja na nusu kila siku, nusu yake ukiwa na mzigo wa kilo 20 na unapanda. Mwenye hela atanunua pampu. Asiye nayo ataacha. Kwa hiyo kamba ya mita 60 inamwondoa mwenye keni na kumwachia nafasi mwenye pampu, ambaye ndiye anayeweza kuukausha mto.

Naijua hoja ya upande wa pili na siyo ya kubeza. Maji yetu yanateremka kwenda Songwe, na Songwe unaingia Ziwa Nyasa. Chini kule, kwenye tambarare ya Kyela na Karonga, watu wanafurikiwa na mto unahamahama mkondo wake, ule ule ulio mpaka wa nchi mbili. Udongo tunaouachia huku juu ni sehemu ya tatizo lao. Kuna dawa pia. Tangu kanitangaze aingie nchini mwaka 2014, wakulima wa nyanya wanapuliza kila kukicha, na anayesafisha bomba la dawa mtoni anawanywesha sumu walio chini. Haya ni makosa ya kweli, na mtu akisema bustani zote hazina madhara, huyo naye hatufai.

Lakini sheria yenyewe tumeisoma? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, haikusema tu "mita 60, toka". Inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kisha kifungu hichohicho kinamtaja Waziri kuwa ndiye wa kuweka miongozo ya shughuli za binadamu katika maeneo hayo. Maana yake watunga sheria walijua kuwa watu wataendelea kuwepo pale na watahitaji utaratibu. Swali la haki, basi, ni kama shughuli hii inadhuru na kwa kiasi gani. Tuta la chainizi linalomwagiliwa kwa keni na kuachwa mvua zikianza halilingani na nyumba ya tofali. Wala halilingani na mikaratusi, inayokunywa maji mwaka mzima. Ajabu ni kwamba siku ile ya kupima, mikaratusi iliyokuwa bondeni haikuguswa na mtu.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Ukanda wa karibu kabisa na maji ubaki na majani na miti ya asili, na chemchemi zisiguswe. Nyuma yake matuta yaruhusiwe kwa masharti: yakinge mteremko, kusiwe na pampu wakati wa kiangazi bila makubaliano ya kikundi, dawa zichanganywe na mabomba yaoshwe mbali na mto. Atakayevunja apoteze kipande chake. Mikaratusi ya bondeni ing'olewe kidogo kidogo. Kikundi kinachojisimamia hivi kinalinda mto kila siku, kuliko ofisa anayekuja mara moja kwa mwaka na kamba.

Sasa sisi tunaingiaje? Kalenda imetupendelea. Likizo ndefu, Julai mpaka Oktoba, ndiyo msimu wenyewe. Tunasikia habari za BBT, programu ya vijana na kilimo iliyoanza 2023 na mashamba yake ya Chinangali, Dodoma, na wengi tunasubiri tuchaguliwe. Sawa, lakini bonde la nyumbani halina fomu ya kujaza. Anayesoma sheria akae na kikundi wasome kifungu cha 57 kwa Kiswahili cha kawaida. Wa uhandisi wa maji apime mtiririko wa Julai na wa Septemba, ili tubishane kwa namba. Wa uhasibu aweke daftari la kikundi vizuri, kwa sababu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haikopeshwi kwa kikundi kisicho na kumbukumbu. Na wote, hata mwenye sapu, tushike keni asubuhi. Huwezi kumshauri mama wa miaka 55 kuhusu maji ambayo hujawahi kuyabeba.

Wa Ileje tuliopo hapa chuoni, tukutane kabla ya mitihani. Ajenda ni mbili: barua kwa halmashauri kuomba miongozo ya maandishi kabla ya kamba kurudi bondeni, na orodha ya nani atakuwa nyumbani mwezi gani. Vitunguu vinasiwa Mei, kwa hiyo kitalu hakitatusubiri.