Chama cha Parokia na Mtu wa Mkono Mtupu

Kila Jumapili baada ya Misa, katika parokia nyingi za Kenya, husomwa matangazo marefu. Hutajwa mikutano ya jumuiya, mazoezi ya kwaya, zamu ya kufagia kanisa, na siku ya kuwazuru wagonjwa hospitalini. Watu wengi huyasikia matangazo hayo kama mtu asikiavyo mvua inayonyesha kwenye shamba la jirani. Wakiisha kupokea baraka hushika njia, kila mtu na kwake. Wamo waliosali katika kanisa moja kwa miaka mingi, wala hawajui jina la mtu aketiye nao benchi moja.

Hasara ya jambo hili haionekani siku ya furaha. Huonekana siku ya taabu. Karani akihamishwa kutoka Kakamega kwenda Nakuru, au kijana akiliacha shamba la baba yake Murang'a akaenda Mombasa kutafuta kazi, huwaacha nyuma ukoo wake, rika lake na majirani wamjuao tangu utoto. Kule mjini akishikwa na homa kali chumbani mwake, huenda mwenye nyumba akaja kudai kodi kabla ya mtu ye yote kuja kumwuliza hali. Mtu wa namna hii hana ndugu wa karibu ila wale atakaojitafutia mwenyewe, na parokia ni mahali pamoja ambapo aweza kuwapata.

WALIOANZA

Vyama vya parokia vina asili yake, na kuijua asili hiyo humsaidia mtu kufahamu kazi yake. Mwaka 1833 mjini Paris, wanafunzi wachache Wakatoliki walisutwa na wenzao wasioamini. Waliambiwa kwamba Kanisa lilitenda mema zamani, lakini je, sasa lawafanyia nini maskini? Mmoja wao, Frédéric Ozanam, aliyekuwa na umri wa miaka 20 tu, aliona kwamba maneno hayo hayawezi kujibiwa kwa maneno. Yeye na rafiki zake walianza kuwatembelea maskini nyumbani kwao na kuwapelekea msaada. Sista Rosalie Rendu, aliyewajua vizuri maskini wa mji ule, aliwaonyesha njia. Hivyo ndivyo lilivyoanza Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambalo leo limo katika nchi nyingi za dunia, na Kenya ni mojawapo. Ozanam hakuwa padre. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye mke na mtoto, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Lejio ya Maria nayo ilianza mwaka 1921 mjini Dublin, nchi ya Ireland, kwa juhudi za karani mmoja wa serikali aitwaye Frank Duff. (Chama hiki kisichanganywe na kanisa la Legio Maria, lililojitenga na kuanza katika Nyanza miaka ya 1960.) Aliyeileta Lejio Afrika Mashariki ni binti mmoja wa Ireland, Edel Quinn, aliyetumwa huku mwaka 1936. Alikuwa ameugua kifua kikuu, na nguvu zake zilikuwa chache. Hata hivyo alisafiri kwa motokaa katika njia mbaya za Kenya, Uganda na Tanganyika, akafika Nyasaland, nchi iitwayo Malawi siku hizi, na hata kisiwa cha Mauritius, akianzisha matawi. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa katika makaburi ya misheni ya St. Austin's, ambako kaburi lake lingaliko.

Lililo kubwa katika kazi yake ni kwamba hakukaa kuwa mkubwa wa matawi yale. Kila tawi lilipewa viongozi wake wenyewe, yaani mwenyekiti, makamu wake, mwandishi na mweka hazina, naye akaendelea na safari. Kama angalishika kila jambo mkononi mwake, kazi ingalikufa pamoja naye.

JUMUIYA NDOGO NDOGO

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, ulitoa hati nzima juu ya utume wa walei, ukifundisha kwamba kazi ya Kanisa si ya mapadre na masista peke yao. Katika Afrika Mashariki mafundisho hayo yalipata umbo la pekee. Maaskofu Katoliki wa nchi hizi, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi.

Jumuiya ni kundi la jamaa zinazokaa karibu, katika kijiji kimoja au mtaa mmoja, nayo hupewa jina la mtakatifu aliye msimamizi wake. Wanajumuiya hukutana kwa zamu nyumbani mwao, mara nyingi kila juma. Husoma Injili, huzungumza jinsi ihusuvyo maisha yao, husali, kisha hutazama haja zilizopo: nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani hakwenda shule. Wazee wa Kikuyu wenye kukumbuka ngwatio, na wa Kikamba wenye kukumbuka mwethya, hawatasema kwamba desturi ya kusaidiana kazi ililetwa na wageni. Palizi ya shamba la mjane ilifanywa na majirani kabla ya misheni ya kwanza kujengwa. Jumuiya imeichukua desturi hiyo njema na kuitia sala ndani yake.

Mbali na jumuiya, viko vyama vya watu wa namna moja: chama cha wanawake Wakatoliki, chama cha wanaume, vyama vya vijana, kwaya, na chama cha watoto. Kila kimoja kina kazi yake. Asiye na sauti ya kuimba aweza kupanga viti, na asiyejua kusoma aweza kukaa na mgonjwa usiku.

KIKWAZO CHA MCHANGO

Ukiulizwa katika parokia nyingi kwa nini watu hawaji katika jumuiya, jibu la haraka ni kwamba hawana wakati au wamepoa katika imani. Huenda ni kweli kwa baadhi. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti, nayo ni aibu. Mkutano ukiisha, mwandishi hufungua daftari na kuita majina. Fulani ametoa kiasi hiki, fulani kiasi kile. Jina la mtu aliyekosa kazi, au la mkulima ambaye malipo ya kahawa yake hayajafika, husomwa mbele ya wote na kufuatwa na kimya. Juma la pili mtu huyo hafiki. La tatu hafiki. Baada ya miezi michache husemwa kwamba fulani ameacha dini.

Hakuacha dini. Alikimbia daftari.

Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi, nao walijua tabia ya watu. Lakini chama cha parokia kikiiruhusu methali hiyo kuwa sheria yake, kimemfukuza yule yule ambaye kiliundwa kwa ajili yake. Maskini ndiye anayehitaji kutembelewa, naye ndiye wa kwanza kutoweka. Mwishowe hubaki kundi la wenye nafasi wanaotembeleana wao kwa wao na kunywa chai.

Dawa ya ugonjwa huu haiko mbali. Lejio ya Maria ina desturi ya mfuko wa siri. Katika kila mkutano mfuko huzungushwa, na kila mmoja hutia mkono wake ndani na kuutoa. Aliyetia noti na asiyetia hata senti hutenda jambo moja machoni pa watu, wala hakuna ajuaye. Fedha hupatikana, na heshima ya mtu haivunjwi. Jumuiya yo yote yaweza kuitumia njia hii kwa mchango wa kila juma, wala haihitaji ruhusa kubwa wala gharama.

Tena yafaa mchango usihesabiwe kwa shilingi peke yake. Mwenye debe la mahindi na alete mahindi. Mwenye jembe na alime kwa mgonjwa nusu siku. Mjane anayeteka maji na kuwapikia waliofiwa ametoa zaidi kuliko karani aliyetuma noti kwa mkono wa mtoto asifike mwenyewe, na haki ni kwamba kazi yake iandikwe vile vile.

WANAOKUJA KWA BARUA

Upande wa pili nao una makosa yake. Parokia nyingi hutaka mtu apate barua ya jumuiya yake kabla ya mtoto kubatizwa au ndoa kufungwa. Shabaha ya kanuni hii ni njema, maana padre mwenye maelfu ya waumini hawezi kumjua kila mmoja, lakini jirani zake humjua. Walakini wako watu waionao jumuiya kuwa kama ofisi ya kupigia mhuri. Hawaonekani mwaka mzima, kisha hufika wakiwa na haraka kwa sababu harusi ni mwezi ujao. Wengine hawafiki hata kwa hayo. Huja jamaa zao siku ya msiba, wakishangaa kwamba waimbaji ni wachache na wachimba kaburi hawatoshi.

Viongozi wenye busara hawamfungii mlango mtu wa namna hii. Kumnyima maziko mtu aliyekufa ni kumwadhibu mjane wake asiye na kosa. Lakini yafaa aliye hai aambiwe kwa upole ukweli huu: urafiki haununuliwi siku ya haja. Hukua polepole, kama mkahawa, nao haumpi matunda mtu aliyepanda jana.

HESABU SAFI

Neno jingine livunjalo vyama ni fedha kuwekwa gizani. Mara nyingi mweka hazina si mwizi. Ni mtu aliyechanganya fedha za chama na za nyumbani, kisha akashindwa kuzitenga. Ili kumlinda yeye na wenzake, fedha na zihesabiwe na watu wawili mbele ya wote kabla mkutano haujafungwa. Kiasi na kiandikwe hapo hapo katika kitabu, na kila kinachotumika kiwe na stakabadhi. Kitabu na kisomwe mwisho wa kila mwezi. Fedha zikiwa nyingi ziwekwe benki, zisitoke ila kwa sahihi za watu zaidi ya mmoja. Halmashauri nayo ichaguliwe kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha wengine wapewe nafasi. Mwenyekiti asiyetoka kitini huwafanya wenzake wawe watazamaji.

Hapa ndipo karani awezapo kutoa kipawa chake. Yeye amezoea kuandika kumbukumbu na kulinganisha hesabu, na katika jumuiya ya wakulima ujuzi huo una thamani kubwa. Lakini ahadhari asije akaileta mezani sauti ya ofisini. Mkulima naye ana lake la kumfundisha karani: ajua kwamba mkutano usiwekwe siku za kuchuma kahawa au wakati wa mvua za kupanda, na ajua nyumba ipi moshi hautoki jikoni.

NJIA YA KUANZA

Mtu anayetaka kuingia katika kazi hizi asianze na vyama vitatu kwa mara moja. Atakayejiandikisha katika kwaya, Lejio na chama cha wanaume kwa juma moja, baada ya miezi miwili hataonekana hata kimoja, na nyumbani mkewe na watoto watakuwa wamenung'unika kwa haki. Na aanze na jumuiya ya mahali anapokaa, maana hao ndio watakaomsikia akiita usiku. Kisha achague chama kimoja kinacholingana na kipawa chake na wakati wake. Lejio yenyewe humpa mgeni miezi mitatu ya kujaribiwa, na kanuni hiyo ni ya hekima: mtu huijua kazi kwanza, ndipo atoe ahadi.

Akiisha kuingia, na achukue kazi moja ndogo aifanye kila juma bila kukosa. Kumtembelea mzee mmoja asiyeweza kufika kanisani kwa mwaka mzima ni bora kuliko hotuba kumi juu ya upendo.

Nao waliokwisha kuwa ndani wana wajibu ulio rahisi kuutaja na mgumu kuutimiza. Jumapili ijayo, kabla ya kwenda zao, na watazame ni nani ambaye hawajamwona kwa miezi michache. Waende nyumbani kwake wawili wawili, bila daftari na bila kutaja mchango, wakamwulize habari za watoto na za shamba. Chama chenye kufanya hivi kitakuwa na wanachama hata katika mwaka wa njaa.