Nimeshayaona Matokeo ya 2027

Mimi ni mwalimu, sipigi ramli. Hata hivyo, matokeo ya uchaguzi wa rais wa Burundi mwaka 2027 nimeshayaona. Kwanza, fulana zitapatikana kwa urahisi kuliko petroli. Pili, mshindi atajulikana kabla karatasi za kura hazijachapwa. Tatu, walioshindwa wataambiwa waende mahakamani.

Mwaka 2010 mgombea alikuwa mmoja, akapata zaidi ya asilimia 91. Mwaka 2025 CNDD-FDD ilitwaa viti vyote 100 vya Bunge vilivyogombewa. Darasani, mmoja akipata 100 na wengine wote sifuri, mwalimu hukagua mtihani kwanza. Sisi tuliosomea kambini Tanzania tulirudi kupiga kura, si kupiga makofi.