Hatifungani na Jasho la Mfanyakazi

Neno hatifungani siku hizi linasikika hata katika mazungumzo ya wafanyakazi wa kawaida, lakini ni wachache wanaojua hasa wanunuacho. Hapana budi jambo hili liwekwe wazi. Mwenye hisa ni mwenye mali. Mwenye hatifungani ni mdai. Kampuni ikivuna faida kubwa, mdai huyu haongezewi hata senti moja. Ikipata hasara, riba yake hubaki kuwa deni. Ikifilisika, hulipwa kabla ya wenye hisa, na kama hati yake ina rehani ya jengo au mitambo, huwatangulia hata wadai wengine. Kama haina rehani, husimama katika safu moja na mfanyabiashara aliyeiuzia kampuni bidhaa kwa mkopo. Hayo yote huandikwa katika waraka wa matoleo, ambao wanunuzi wengi hawaufungui.

Tuchukue mfano. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa Hatifungani ya Kijani ya miaka mitano kwa riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 170. Aliyeweka shilingi 1,000,000 hutarajia 102,500 kila mwaka. Kwa utaratibu wa zamani asilimia 10 ya riba hiyo, yaani shilingi 10,250, ingekatwa kabla ya kumfikia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliondoa kodi hiyo kwa hatifungani za kampuni zilizotolewa tangu Julai mwaka huo na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa miaka mitano, nafuu hiyo ni shilingi 51,250.

Sababu ya msamaha huo inaeleweka: hatifungani za Serikali za muda mrefu zilikwisha kusamehewa, na kampuni zingeshindana nazo vipi? Lakini sheria hiyo ilimwacha mama lishe mwenye akiba ya muda maalumu benki akiendelea kukatwa asilimia 10 ya riba yake. Yeye naye ni mkopeshaji, na fedha zake hufanya kazi ile ile. Ubaguzi huu, ndugu wabunge, haujapata maelezo ya kuridhisha.

Kuna na jambo la muda. Anayehitaji fedha zake kabla hati haijaiva hana budi kutafuta mnunuzi sokoni. Na ikiwa riba za nchi zimepanda, atauza kwa bei pungufu. Kwa hiyo, fedha za ada ya Januari zisiwekwe humo.