Watu na Vitabu Vyao: Mjerumani Aliyejiita Ali



Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaitaja mara kwa mara, lakini ni wachache waliothubutu kuifuata hadi mwisho wake. Mmoja wa wachache hao ni Günter Wallraff, mwandishi wa habari wa Ujerumani, na habari zake zafaa kusomwa na kila nyumba yenye vijana wapendao kalamu.

Wallraff alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Burscheid, karibu na Köln. Kwanza alijifunza kazi ya kuuza vitabu. Mwaka 1963 aliitwa jeshini, akakataa kushika bunduki kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu. Wakubwa wake walimtia katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali ya jeshi mjini Koblenz, kisha wakamwachisha, wakiandika ya kuwa hafai kwa vita wala kwa amani. Yeye alikuwa akiyaandika yote yaliyompata, na mtunzi mashuhuri Heinrich Böll akamtia moyo ayatangaze.

Alipotoka huko hakwenda kutafuta kiti ofisini. Aliingia viwandani kama mfanyakazi wa kawaida, akafanya kazi katika kiwanda cha Ford mjini Köln, na jioni akaandika aliyoyaona. Kitabu chake cha habari za viwandani kilitoka mwaka 1966, na baadaye akafanya kazi katika majarida ya Pardon na Konkret. Kitabu kingine, kilichokusanya habari kumi na tatu ambazo wakubwa hawakupenda zijulikane, kilitoka mwaka 1969.

Mwezi wa Mei 1974, Ugiriki ilipokuwa chini ya utawala wa wanajeshi, Wallraff alijifunga kwa mnyororo katika uwanja wa Syntagma mjini Athens, akagawa karatasi za kudai wafungwa wa siasa waachiliwe. Hakuchukua hati yoyote ya kumtambulisha, ili askari wamtende kama walivyomtenda Mgiriki yeyote. Walimpiga na kumtesa, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi 14. Alitoka mwezi wa Agosti, utawala ule ulipokwisha kuanguka.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika ofisi ya Hannover ya gazeti la Bild, lililokuwa likisomwa kuliko magazeti yote ya nchi yake, kwa jina la uongo la Hans Esser. Katika kitabu Der Aufmacher alieleza jinsi habari zilivyotiwa chumvi na jinsi msiba wa mtu ulivyogeuzwa kuwa bidhaa. Wenye gazeti walimshitaki, na kesi ikapanda mpaka mahakama ya katiba. Mwaka 1984 mahakama hiyo ilimkataza kutangaza maneno ya mkutano wa ndani wa wahariri, lakini ilikiri pia ya kuwa habari iliyopatikana kwa hila yaweza kutangazwa ikiwa faida yake kwa umma ni kubwa mno kuliko ubaya wa hila yenyewe.

Sasa twafika kwenye kitabu kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilipatana na Uturuki kuleta wafanyakazi, na mwaka 1973 ikasimamisha kuwaleta. Watu wale hawakuwa mizigo ya kurudishwa bandarini. Walikuwa wamekwisha kuleta wake zao na kuzaa watoto. Mwaka 1983 serikali ikatoa sheria ya kuwalipa wafanyakazi wa kigeni waliokubali kurudi kwao. Mwaka huohuo Wallraff alivaa nywele nyeusi za bandia, akatia machoni vioo vya kuyafanya meusi, akatangaza magazetini ya kuwa mgeni mwenye nguvu atafuta kazi yoyote, hata nzito na chafu, kwa mshahara mdogo. Jina lake sasa lilikuwa Ali.

Ali alifanya kazi jikoni katika duka la McDonald's. Alijitoa kujaribiwa dawa kwa malipo. Alikodishwa na mwenye kukodisha vibarua, akapelekwa kusafisha kiwanda cha chuma cha Thyssen mjini Duisburg, akivuta mavumbi bila ya kinga, zamu juu ya zamu. Alipokwenda Berlin kutazama mpira baina ya Ujerumani na Uturuki, vijana waliokuwa karibu naye walimmwagia bia kichwani na kumrushia vipande vya sigara vyenye moto. Kitabu Ganz unten, yaani Chini Kabisa, kilitoka mwaka 1985. Kiliuzwa mamilioni ya nakala, kikafasiriwa kwa lugha zaidi ya 30. Wasomaji waliona haya, na hali za vibarua wa kukodishwa zikawa jambo la kujadiliwa na nchi nzima.

Hata hivyo, msomaji mwenye busara hana budi kuuliza swali moja. Yote aliyoyaandika Wallraff, Waturuki wenyewe walikuwa wakiyajua kwa miaka zaidi ya 20. Waliyasema majumbani, misikitini na viwandani. Mbona nchi haikusikia mpaka Mjerumani alipoyasema? Lawama hiyo si ya mwandishi peke yake. Ni ya masikio yaliyochagua sauti ya kuisadiki. Lakini ilimrudia. Mwaka 2009 alijipaka rangi nyeusi katika filamu, akajifanya Msomali aitwaye Kwami Ogonno. Sisi wa pwani hii, tuwajuao Wasomali, twaona mara moja ya kuwa jina hilo si lao. Wajerumani weusi walimwuliza: kwa nini hukutuuliza sisi, tulio na ngozi hii siku zote?

Hapo ndipo ulipo mpaka wa kazi yake. Kuvaa kanzu ya mwenzio kwaweza kukufundisha baridi aipatayo, lakini hakukupi haki ya kusema badala yake siku zote. Ali wa kitabuni aliweza kuvua nywele zake na kurudi nyumbani akiwa Günter. Ali wa kweli aliamka kesho yake akaenda kazini.

Basi, enyi vijana mnaotamani uandishi, chukueni kwa mtu huyu subira yake: miaka miwili ya mavumbi kwa ajili ya kitabu kimoja. Msiandike habari ya mpagazi, ya mtumishi wa nyumbani au ya mgeni kwa kusikia tu. Nendeni mkaone. Kisha fanyeni na lile alilolisahau mara nyingine: mketini naye, mwulizeni, na jina lake likae juu ya maneno yake. Nanyi wazazi, yule kijakazi aliye jikoni mwenu anayo habari yake. Haihitaji mtu kujibadilisha sura ili kuijua. Yahitaji tu kuulizwa, na mwenye kuuliza awe tayari kusadiki jibu.